Watatu Waliobaki Kwenye Baridi

Utange, Kisauni
14 Januari 2024

Dada Dama,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Dhahabu ametimiza miaka mitatu juzi na sasa hataki kuvalishwa nguo. Anavaa mwenyewe, shati nyuma mbele, na ukimrekebisha analia mpaka majirani wanachungulia. Mramba amepata kazi ya kuchomelea madirisha ya shule moja kule Junda. Mimi niko palepale Kongowea na vitunguu vyangu. Mwanao Dancun alinipigia Krismasi kutoka chuoni Eldoret. Asante kwa kumlea kijana anayemkumbuka mama mdogo wake.

Nimeamua kushika kalamu kwa sababu kwenye simu tumekatiana mara mbili, na mara ya pili ni mimi niliyekata. Karatasi haimkatizi mtu. Basi nisome mpaka mwisho.

Unakumbuka tulivyohangaika miaka saba, mpaka tukauza kile kipande cha Kaloleni tukaenda kliniki. Walichukua mayai yangu na mbegu za Mramba, wakaviunganisha nje ya mwili. Daktari anaviita viinitete. Vikapatikana vinne. Kimoja wakanipandikiza, ndiye huyu Dhahabu. Vitatu wakavigandisha ili turudi siku nyingine. Hiyo siku haikuwapo. Unajua nilivyotoka damu wakati wa kujifungua, na kwamba nilipozinduka kizazi kilikuwa kimeshatolewa.

Sasa kliniki imetuletea fomu. Wenye viinitete vilivyokaa zaidi ya miaka mitatu tuchague: viendelee kuhifadhiwa, wapewe watu wengine, au viachwe viyeyuke. Mramba anataka viachwe, yaishe. Anasema tumepewa mmoja, tushukuru. Mimi fomu nimeiweka chini ya godoro, na kila nikitandika naigusa.

Nilikupigia kukuomba ushauri, ukaniambia neno "kuua". Ndipo nilipokata.

Sikukosei heshima, dada. Wewe ndiye uliyenilea. Nauliza tu, kwa utulivu: vile vitatu ni nini?

Mdogo wako,
Nyamvula

*

Lodwar
11 Februari 2024

Mdogo wangu Nyamvula,

Marahaba. Barua yako ilifika siku kumi zilizopita. Kuchelewa kujibu si kwa sababu ya posta.

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Huku joto ni la kukaanga yai juu ya jiwe, na maji tunayapata siku mbili kwa wiki. Darasa langu la nne lina watoto sabini na wawili. Kanisani bado nafundisha watoto Jumapili. Nisalimie shemeji Mramba, na umwambie Dhahabu shati nyuma mbele ni vizuri tu, mradi amelivaa.

Umeandika "vitatu". Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Mimi siwezi kuliandika. Wale watatu ni ndugu zake Dhahabu, baba mmoja, mama mmoja, na walianza siku moja naye. Kama daktari angemchukua mwingine asubuhi ile, huyo mwingine ndiye angekuwa anavaa shati nyuma mbele, na Dhahabu ndiye angekuwa kwenye baridi, nawe ungemwita kitu.

Umeuliza ukaambiwa. Neno nililosema kwenye simu lilikuwa kali, lakini sioni jingine la kuweka mahali pake.

Usisaini.

Dada yako,
Dama

*

Utange
25 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Wote wazima.

Nimekusoma. Mfano wako wa Dhahabu kwenye baridi uliniharibia siku tatu. Nilikosea hesabu za wateja nikasingizia malaria.

Lakini sikiliza na upande wangu. Wewe hukuwahi kulala kwenye ile meza. Mimi katika miaka ile saba nilitokwa na mimba mbili changa, moja nikiwa pale pale sokoni, nimekaa juu ya gunia. Nilijifunga leso nikarudi nyumbani. Hakuna aliyeniletea chai ya matanga. Mchungaji hakuja. Wewe mwenyewe ulinitumia ujumbe: "Pole, utapata mwingine." Leo hivi vitatu, ambavyo havina hata moyo wa kupiga, vimekuwa watu kuliko wale niliowatoka damu?

Na kama ni watu, wakae wapi? Kizazi sina. Unaniambia nisisaini, hutaji la kufanya baada ya kutosaini. Ni rahisi kuwahurumia watu ambao hutawabeba wewe.

Nimeandika kwa hasira. Sitaichana.

Nyamvula

*

Lodwar
24 Machi 2024

Nyamvula mdogo wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimekaa nayo zaidi ya wiki mbili. Niliandika majibu mawili, yote nikawashia jiko.

Kuhusu zile mimba mbili: nisamehe. Sina la kuongeza. Nilipaswa kushuka Mombasa nikae nawe mkekani, badala yake nikakutumia ujumbe wa simu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Unakumbuka siku mama alipotuchukua mimi na wewe tukaenda Majengo, ukaambiwa tunakwenda kushona sare? Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulinunuliwa soda ukaachwa barazani. Hakukuwa na sare. Nilikuwa na mimba, na chuo cha ualimu kilikuwa kimeniita. Mama alikuwa amelia wiki nzima kabla ya kuamua, na mpaka leo sijamlaumu. Mle ndani mlikuwa na mwanamke mpole sana. Aliniambia, "Lala hapo, mwanangu." Nikamwomba niende chooni kwanza. Nilipotoka chooni sikurudi chumbani. Nilipitia uani nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani Kisauni, viatu nimevishika mkononi. Wewe na mama mkanikuta nimejilaza. Baada ya miezi saba akazaliwa Dancun.

Watu wote kanisani wamenisikia nikishuhudia kwamba nilimzaa Dancun kwa imani. Si kweli. Nilikimbia kwa woga. Niliogopa kufa, Nyamvula, sikuwa nimewaza mtoto hata kidogo. Imani niliiweka baadaye, kama mtu anayepaka rangi ukuta ambao umeshasimama. Na yule msichana aliyeingia baada yangu, maana nilimpita nikienda chooni, huenda alikuwa na imani kuliko mimi na sababu kubwa kuliko zangu. Sijui. Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba najua vile ni nini. Ninachojua ni kwamba Dancun siku ile alikuwa mdogo kuliko ukucha wangu, na sasa anavaa kiatu namba arobaini na nne.

Umesema ni rahisi kuwahurumia watu ambao sitawabeba. Neno hilo limenikaa.

Mimi nina miaka arobaini na miwili. Kizazi ninacho. Shule zinafungwa tarehe tano Aprili. Kama daktari atakubali, na kama wewe na Mramba mtakubali, nibebesheni mmoja. Mtoto atakuwa wenu. Mimi nitakuwa mama mkubwa, kama nilivyo kwa Dhahabu.

Usinijibu kwa simu. Nitashindwa kusikiliza.

Dama

*

Utange
2 Aprili 2024

Dada yangu,

Shikamoo, shikamoo tena.

Nilimsomea Mramba barua yako yote, isipokuwa ile sehemu ya Majengo, hiyo ni yako. Alizima mashine yake ya kuchomelea, akavua miwani, akakaa juu ya geti alilokuwa akilitengeneza. Siku ya tatu, tukila ugali na mchicha, akasema, "Dada yako ana wazimu." Akaendelea kula, kisha akasema, "Mwambie aje."

Njoo. Na ile soda ya barazani naikumbuka. Nilikunywa, nikaona mama anatoka peke yake mbiombio, nikadhani amekasirika kwa sababu nimeimaliza. Miaka yote hii nilijua kuna kitu, nikakaa nacho tu.

Nyamvula

*

Utange
9 Juni 2024

Dada Dama,

Shikamoo. Natumai ulifika salama na kwamba miguu haijavimba. Mvua zile zilizochelewesha kufunguliwa kwa shule zilitufaa sisi, maana bila zile wiki za nyongeza usingepata nafasi ya vipimo vyote na kupandikizwa. Leo njia ya Utange bado ni tope. Dhahabu anauliza kila asubuhi, "Mama mkubwa ameenda na mtoto wangu?" Jirani amesikia, nimecheka nikabadilisha mazungumzo.

Kuna jambo nililoshindwa kulisema ulipokuwa hapa, nikawa napika pika tu ili nisikae nawe.

Siku ile, kabla hujaitwa ndani, daktari alituita mimi na Mramba. Akasema wametoa kimoja kwenye baridi na hakikuamka. Alisema hivyo, "hakikuamka", kwa upole, akaeleza kwamba hutokea, kwamba wametoa cha pili na hicho kiko vizuri sana. Nikamwomba anionyeshe. Akanionyesha cha pili kwenye kioo, duara kama tone la maziwa kwenye chai. Nikamwambia, "Naomba na yule mwingine." Akasita, kisha akanionyesha. Alikuwa kama yule wa pili, ila mwenye ukungu.

Umeona nimeandika "yule". Kalamu imeandika yenyewe.

Nimelia wiki nzima, dada, kwa ajili ya kitu nilichokuambia ni kitu. Nilipopigiwa simu kwamba mimba yako imeshika, nilifurahi mpaka nikamkumbatia hamali asiyenijua pale sokoni, na jioni nikalia tena. Mramba alinikuta. Alisema tu, "Na mimi pia." Nilidhani yeye ndiye aliyetaka yaishe.

Kumbe sijui tena nisimame wapi. Zamani nilikuwa najua.

Kula vizuri. Kunywa zile dawa za presha hata ukijisikia mzima.

Nyamvula

*

Lodwar
6 Oktoba 2024

Mpenzi Nyamvula,

Salamu kwa wote. Mtoto ni mzima na anacheza, hasa nikisahihisha madaftari. Presha imepanda mara moja ikashuka. Nesi wa hapa amenikataza chumvi, na samaki wa huku bila chumvi ni adhabu.

Nimechelewa tena. Safari hii sababu ni kwamba niliona aibu, na nilitaka ipungue kwanza.

Nikujibu la Juni. Mimi niliyesema ni watu, habari ya yule ambaye hakuamka uliponiandikia, nilisikitika kidogo nikala nikalala. Wewe uliyesema ni vitu ukalia wiki nzima. Nimejiuliza ni nani kati yetu aliyeamini nini. Labda mtu haamini kwa mdomo. Nimemwombea baadaye, kwa kuchelewa, nikashindwa kujua nimwite nani kwenye sala. Nikasema "wa Nyamvula". Nadhani Mungu ameelewa.

Sasa la aibu. Agosti tumbo lilionekana. Mzee wa kanisa aliniita ofisini, na mwingine amekaa kando anaandika.

"Mwalimu, wewe ni mjane."

"Ndiyo, mzee."

"Na hiyo?"

"Ni mtoto wa mdogo wangu."

"Mtoto wa mdogo wako yuko tumboni mwako?"

"Ndiyo."

Yule anayeandika aliweka kalamu chini. Nikaeleza yote, kliniki, baridi, kizazi chako. Walinisikiliza, hilo niseme ukweli. Kisha mzee akasema kwamba mambo ya kuumba watoto kwenye chupa kanisa halijayaamua, na mpaka liyaamue nisisimame mbele ya watoto. Nikamwuliza, "Mzee, mmekuwa mkihubiri kwamba huyu ni mtu tangu siku ya kwanza. Sasa nimembeba huyo mtu. Mlitaka abebwe na nani?" Akanifungulia mlango. Sidhani ni mbaya. Nadhani hakuwahi kuulizwa.

Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la nyuma peke yangu. Nafasi zote kushoto na kulia zikabaki wazi, kanisa limejaa watu wamesimama. Wimbo wa pili, mama mmoja muuza samaki, mjane kama mimi, ambaye hatujawahi kuzungumza zaidi ya bei, alitoka mbele na kiti chake cha kukunja akaja akaketi karibu yangu. Akanionyesha tumbo kwa kidevu. "Wa mdogo wako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mdogo wangu mimi alikufa hajazaa. Ningembebea hata wawili." Kisha akaimba kwa sauti mbaya sana, mpaka mwisho wa ibada. Jumapili ya tatu walikuja wengine wanne. Sasa benchi limejaa.

Darasa la watoto bado hawajanirudishia. Watoto wenyewe wanakuja kunisomea mistari nyumbani.

Nitashuka shule zikifungwa, kama daktari alivyotaka. Mwambie Mramba anitafutie kitanda kisicholia.

Dama

*

Utange
8 Juni 2025

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nyumba imepwaya tangu uondoke Aprili. Umekaa nasi miezi mitano, na sasa hata sufuria sijui niliziweka wapi.

Tsofa ana miezi minne na nusu. Ni mzito kama gunia dogo la viazi. Daktari amempima akasema hana kasoro. Mramba, ambaye siku ya upasuaji alizunguka ukumbi wa hospitali mpaka mlinzi akamwambia akae, sasa anatembea naye mtaani na jina la babake mdomoni: "Huyu ni Tsofa! Huyu ni Tsofa mzee!" Dhahabu amemkubali, ila anasema alimwagiza wa kike.

Nina habari mbili.

Ya kwanza: ile fomu nimeirudisha. Alibaki yule mmoja. Safari hii sikukuuliza, nawe uniwie radhi. Nilikaa na Mramba tukazungumza jioni tatu. Kubebwa na wewe tena haiwezekani, daktari alishasema presha ile ya siku ya upasuaji ikirudi itakuua, na mimi dada yangu mmoja simbadilishi kwa lolote. Kumwacha akae kwenye baridi mpaka tufe sisi, niliona ni kukwepa tu. Mramba bado anasema kuacha wayeyuke si dhambi, kwamba wengi wa namna hiyo hupotea ndani ya wanawake hata wenyewe wasijue, na mimi simbishii, kwa sababu ni kweli, nami ninawaelewa wanaosaini hivyo. Lakini tulichagua wapewe wengine. Kuna mke na mume wa Changamwe, ndilo tu tuliloambiwa, wamengoja miaka kumi na moja. Majina hawatupi na yetu hawapewi.

Usidhani umenishinda. Bado sisemi ni mtu kama Tsofa alivyo mtu. Sijui lini anakuwa, na simwamini anayesema anajua saa na dakika. Ninachojua ni kwamba alikuwa wetu wa kuamulia, na tumeamua tukiwa tumefumbua macho.

Ya pili ni swali. Umeniandikia mara mbili tangu uondoke. Umeuliza habari za Mramba, Dhahabu, vitunguu, choo kipya cha jirani. Tsofa hujamwuliza hata mara moja. Nilikuona siku ya kuondoka, ulimpitisha kwangu kama mtu anayepitisha sahani ya moto, ukapanda pikipiki hukugeuka. Kuna nini, dada?

Nyamvula

*

Lodwar
29 Juni 2025

Nyamvula,

Nawasalimu nyote, kila mmoja kwa jina, na huyo usiyetaka nimsahau nitamfikia.

Kwanza, yule wa Changamwe. Nilisoma nikasimama, nikatoka nje, nikarudi nikasoma tena. Hukuniuliza, na umefanya vyema, kwa sababu ningekusumbua kwa wiki nyingi na mwisho ungekuja palepale. Mke wa Changamwe nimeanza kumwombea, simjui sura. Kuhusu saa na dakika, nimeacha kubishana. Nilibishana nikiwa mikono mitupu, na nilipopewa mzigo nikakuta sina pumzi ya kubishana.

Kanisani wamenirudishia darasa la watoto. Mzee alikuja mwenyewe nyumbani, akanywa chai vikombe viwili, akasema kanisa bado halijaamua ila watoto wamekataa mwalimu mwingine. Nikacheka, naye akacheka.

Sasa Tsofa.

Siulizi kwa sababu nikiuliza nitapanda basi. Nilikuambia mtoto ni wenu na mimi ni mama mkubwa, na nilimaanisha, na bado namaanisha. Hakuna aliyenidanganya. Lakini mwili haukuwapo tulipopatana, Nyamvula. Maziwa yalikuja siku ya tatu kama kwa mama yeyote, na hapa Lodwar, darasani, mtoto wa mwalimu jirani akilia, kwa wiki nyingi nililowa shati nikasingizia jasho. Nilidhani nikiuliza utasikia ninamtaka. Simtaki nimchukue. Nataka tu habari zake. Niliona aibu kuzitaka.

Basi nauliza. Anacheka na nani? Analala kifudifudi? Ana nywele za mama au za kwao Mramba? Niandikie kurasa nne, usinihurumie.

Nimeshaukubali moyo ulivyo. Unauma, na chini ya maumivu kuna furaha ambayo sikuwahi kuipata hata kwa Dancun, kwa sababu Dancun alinijia nikikimbia na huyu nilimwendea mwenyewe, kwa miguu yangu.

Shule zinafungwa mwanzoni mwa Agosti na nimeshakata tiketi. Mwambie Mramba safari hii kitanda chochote kitafaa. Nitakapofika utanipa Tsofa nimfunge mgongoni, wewe uende mikono mitupu siku moja, tutembee sote mpaka Kongowea. Wale wanawake wa vitunguu wataniuliza mtoto ni wa nani. Nitawaambia ni wetu, nao waendelee kupima vitunguu.

Dada yako,
Dama